Mwenye Hana Code ya Nyumba

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Papa mupendwa,

Nakusalimia sana. Miye na Steve tuko wazima. Tumbo inakomaa, docteur anasema mutoto amekaa muzuri.

Naandika juu weye na simu hamupatane. Juzi nilipiga kelele mpaka majirani wa huku wakajua mambo yangu yote, weye peke yako hukusikia. Jirani yako Maman Monique atatoa hii barua ku imprimante, mashine ya kuchapa, ya papeterie yake, ile duka ya makaratasi ya Nyawera, akuletee jioni akirudia nyumbani.

Papa, tangu wezi waliingia kwa jirani yako docteur, wakamufunga kamba, na weye ukalala ukuta mmoja naye bila kusikia kitu, usingizi yangu imekwisha. Basi nimefanya contrat na kampuni moja inaitwa Jicho la Ziwa. Wataweka vyombo ku milango na ku madirisha, na sirène juu ya nyumba. Mutu akifungua bila kuandika code, sirène inalia na vijana wao wanafika na jeep. Kila ukitoka na kila ukienda kulala, unafunga na code. Ni namba ine tu, siku ya kuzaliwa ya mama.

Usiwafukuze, papa. Siwezi kupanda ndege mbele ya kuzaa. Fanya hii kitu kwa ajili yangu.

Binti yako,
Colette

*

Bukavu, Nyalukemba, tarehe 13 mwezi wa tatu 2024

Maman Colette, binti yangu,

Barua nimeipata, na kampuni yako nimeipata pia. Walikuja jana, vijana wawili na ngazi moja. Walivua viatu mulangoni bila kuambiwa, kwa hiyo niliwapenda. Kwenye ukuta wa salon, karibu na picha ya mama yako, wameweka kisanduku chenye namba. Kwenye portail, lango la nje, wamepigilia kibao chenye jicho kubwa la rangi ya bluu na kataa kekundu kanakowaka na kuzima. Mama yako angekataa. Angesema, "Nani huyu anatukodolea macho saa zote?"

Walipojaribu sirène, mbwa wa mtaa mzima walijibu. Maman Monique alikuja mbio na mwiko wa bugali mukononi. Mimi nilisikia kitu kama mbu. Kijana mukubwa alinitazama, akasema maneno, kisha akayaandika kwenye kiganja chake: "Papa, umesikia?" Nikamujibu, "Vizuri sana." Alifurahi, sikuona sababu ya kumuharibia kazi.

Mvua ni nyingi. Ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa kule mito inapoingilia. Chumba cha nyuma nimekifagia na kubadilisha mashuka, vumbi lilikuwa limezidi.

Jioni nitafunga kama walivyonionyesha. Lala, binti yangu. Mwenye mimba asikeshe kwa ajili ya muzee.

Papa yako,
Apollinaire

*

Jicho la Ziwa, Service ya Wateja
Bukavu, tarehe 22 mwezi wa ine 2024

Kwa Madame Colette, Lubumbashi

Madame,

Kwa kuwa contrat iko kwa jina lako, tunalazimika kukujulisha kwamba alarme ya nyumba ya Nyalukemba haijawahi kufungwa hata mara moja tangu tulipoikabidhi. Fundi wetu amepita pale mara mbili. Muzee alimupokea vizuri, akamupa chai, akamuhakikishia kwamba anafunga kila jioni. Lakini chombo kina kumbukumbu yake, na kumbukumbu inasema hapana.

Hatumushitaki muzee. Tunaogopa tu kwamba siku wezi watakapoingia, wewe utatuuliza sisi.

Kwa heshima,
Adélaïde, service ya wateja

*

Lubumbashi, tarehe 24 mwezi wa ine 2024

Papa,

Kampuni wameniandikia. Unaniambia unafunga, na haufunge. Na maman Monique ananiambia hata portail unaiacha bila kufuli.

Kama code imekupotea mu kichwa, sema tu papa, haiko haya. Wazee wengi inawafikaka. Lakini kama ni hivyo, siwezi kukuacha peke yako mu nyumba ya vyumba vitano. Steve amekubali: ukuye ukae kwetu. Nyumba tutapangisha kwa ONG moja, shirika ya misaada, wanatafutaka sana upande wa Nyalukemba, na weye utakuwa na chumba yako hapa, na mujukuu wa kubeba.

Najua utasema pale ndipo mama alikufia. Lakini mama iko ku kaburi, papa, haiko mu ile salon. Na Destin tulimusomea misa. Hakuna mutu mwenye tunangoja tena pale.

Nipe jibu ya kweli. Ao ufunge, ao ukuye.

Colette

*

Nyalukemba, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Kwa wakubwa wa Jicho la Ziwa,

Mimi ni muzee Apollinaire, wa portail ya kijani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini leo ni mimi ninayeinua mukono kuuliza.

Kwanza, mnanipigia simu. Niliwaambia mafundi wenu kwamba masikio yangu yamechoka, wakaandika. Hata hivyo simu inatetemeka mufukoni, naipokea, nasema "allô" kwa mutu nisiyemusikia, mpaka anakasirika na kukata. Tumeni karatasi.

Pili, mutu akifungua mulango bila code, sirène inalia. Hiyo nimeelewa. Lakini kama mutu huyo ni wa nyumba? Kama aliondoka kabla ya code kuwapo, na hakuna aliyejua mahali pa kumupelekea habari? Mwizi na mutoto wa nyumba aliyechelewa wanaingia kwa namna moja: pole pole, bila kutaka kuamsha mutu. Mashine yenu inawatofautisha vipi?

Tatu, vijana wenu wakimukuta mutu wa namna hiyo uani, amekonda, nguo zimechakaa, wanauliza jina kwanza, ao wanapiga kwanza?

Naomba jibu la maandishi. Nitafunga nikiisha kulisoma.

Apollinaire

*

Bukavu, tarehe 7 mwezi wa tano 2024

Muheshimiwa Papa Apollinaire,

Utusamehe kwa simu zile. Kuanzia leo moto, ile pikipiki yetu, itakuletea karatasi na kungojea jibu.

Swali la pili: mashine haitofautishi. Inajua mulango umefunguliwa, basi.

Swali la tatu: agizo ni kushika mutu, si kumupiga. Lakini sitakudanganya, papa. Mutu akikimbia, vijana nao wanakimbia, na yanayotokea nyuma ya nyumba si mimi ninayeyaona.

Kuna njia moja. Kila mteja anaweza kutupa jina na picha ya watu wa nyumba, hata wasio na code. Picha hiyo inaonyeshwa kwa kila kikundi kabla ya kutoka. Ukituma, nitaionyesha mimi mwenyewe.

Kwa heshima,
Adélaïde

Naongeza hili kwa kalamu yangu, si la kampuni: papa, tunamungoja nani?

*

Nyalukemba, tarehe 11 mwezi wa tano 2024

Adélaïde, binti yangu,

Nakuita hivyo kwa sababu umeuliza. Hapa nyumbani watu wameacha kuuliza.

Tunamungoja Destin, kitinda mimba wangu. Picha hii ni ya mwaka wake wa mwisho wa shule. Usiangalie mashavu, yatakuwa yamekwisha. Angalia masikio, yametoka nje kama ya mama yake, na kovu kwenye nyusi ya kushoto. Ukimuita jina anainamisha kichwa kwanza, ndipo anajibu. Ana haya, anaweza kusimama nje ya nyumba ya papa yake kama mugeni, akingojea mutu amuone.

Alienda kuchimba zahabu upande wa Mwenga. Aliniambia, "Papa, nikirudia tutatoa haya mabati yenye kuvuja." Mwaka uliofuata shimo lilianguka. Walituletea habari, hawakutuletea mutu. Colette, dada yake, alingoja kadiri alivyoweza, kisha akaomba misa kwa ajili ya roho yake. Kanisa lote liliitika amina. Mimi nilikohoa.

Usimwambie Colette, nakuomba. Yeye alilia kilio chake mpaka mwisho, akasimama, akaolewa, sasa ana mimba. Sitaki kumurudisha ndani ya lile shimo. Anafikiri nimesahau code. Ingekuwa vizuri kama ningeweza kuisahau siku ya kuzaliwa ya mama yao.

Waonyeshe vijana wote picha. Ukinihakikishia wameiona, nitafunga. Sitaki kuhamia Lubumbashi. Akirudi, atawakuta wapangaji?

Apollinaire

*

Lubumbashi, tarehe 20 mwezi wa sita 2024

Papa,

Ni mutoto mwanaume! Kilo tatu na nusu, kichwa ni ya Steve, lakini hasira ni yetu. Tumemuita Carmel.

Na kampuni wameniandikia kwamba tangu katikati ya mwezi wa tano unafunga kila siku, haukose. Aksanti papa. Nililala usiku nzima, nikaamushwa na mutoto tu. Ile maneno ya kuhama tuiache. Nilikukosea, ulikuwa unatakaka tu kuzoea.

Nikimuangalia Carmel akilala, kuna namna anaweka mukono chini ya shavu, namna mutu mwingine alikuwa anawekaka. Sitasema nani. Nakukumbuka sana, papa. Nakumbuka hata harufu ya mvua ya kwetu.

Colette

*

Jicho la Ziwa, Bukavu, Jumatatu tarehe 9 mwezi wa kenda 2024

Papa Apollinaire,

Panda hii moto iliyokuletea karatasi, uje sasa hivi.

Jana ulipotoka misani, chef wa kikundi alikuandikia kwamba wamekamata mwizi kwenye baraza yako, ukauliza kama anafanana na picha, akatikisa kichwa. Ni kweli, hafanani. Jana sikuwa kazini. Leo asubuhi nimefika nimemukuta mwanaume wa makamo, mwenye kofia ya Kiislamu, kanzu imejaa matope, wanajitayarisha kumupeleka polisi. Nilimuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini kwa muzee?" Akanijibu, "Tangu jana nasema, hakuna anayesikia. Nimetumwa na Destin."

Jina hilo niliandika nyuma ya picha. Vijana waliangalia sura tu.

Nimemupa chai na kiti. Anaitwa Feruzi. Anasema hatoki hapa mpaka amuone papa ya Destin.

Adélaïde

*

Nyalukemba, tarehe 10 mwezi wa kenda 2024

Maman Colette,

Kaa chini kwanza. Mupe Steve mutoto ambebe.

Code sikuisahau hata siku moja. Sikufunga kwa sababu niliogopa Destin akirudi nyumba imupigie kelele kama mwizi. Nilikuficha kwa kuwa wewe ulishamuzika. Nilianza kufunga baada ya kampuni kukubali kukaa na picha yake.

Jumapili, nikiwa misani, alikuja mutu anaitwa Feruzi, mufanyabiashara wa Uvira anayeleta muchele soko la Nyawera. Alipiga hodi portail, hakujibiwa. Akaingia uani, akapiga hodi mulangoni, akausukuma. Sirène ikalia, vijana wakaja, wakamuangusha kwenye matope. Alilala kwenye kituo chao. Nilipofika jana nilitaka kumupigia magoti, akanishika mukono.

Anaongea karibu na sikio, pole pole, kama mutu aliyezoea wazee. Alisema, "Papa, Destin ni muzima. Iko Luberizi, analima muchele."

Nilimuambia arudie. Akarudia. Nilimuambia tena.

Luberizi, Colette. Pale chini, kwenye uwanda wa Ruzizi. Mutu akitoka hapa asubuhi anakula chakula cha mangaribi kule.

Kisha Feruzi akatoa simu, akapiga, akaniwekea sikioni. Niliomba Mungu anipe sikio kwa dakika moja tu. Nilisikia sauti kama mvua juu ya mabati, inapanda, inashuka, inanyamaza. Nikasema, "Destin? Destin?" na ile mvua ikaanza tena. Sikupata hata neno moja. Adélaïde wa kampuni alichukua simu, akasikiliza, machozi yakamutoka mbele ya vijana wake, akachukua kalamu akaniandikia: "Anasema: papa. Anasema tu papa, papa. Hasemi kitu kingine."

Ile karatasi iko mbele yangu. Chini yake nimekuandikia namba ya simu ya muke wake, anaitwa Feza. Mupigie, binti yangu. Wewe unasikia.

Papa yako

*

Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa kenda 2024

Papa,

Nimesoma barua yako nimesimama, juu kukaa nimeshindwa.

Iko muzima. Aksanti Mungu. Na sasa niseme yenye kuwa ndani: iko muzima tangu lini? Miye nilivaa nyeusi, papa. Niliuza pagne za mama, vitenge yake ya muzuri, juu ya kulipa watu wa kuenda kutafuta mwili mu ile shimo. Ile laini yangu ya zamani ya Bukavu, nailipiaka mpaka leo, simu inalala mu kabati imewaka, juu kama anakumbuka namba moja ya dunia hii, itakuwa ile. Steve hajui. Nilikuambia "hakuna mutu mwenye tunangoja" na ile simu ilikuwa inachajiwa nyuma yangu.

Na yeye alikuwa Luberizi analima muchele.

Namba umenipa nimeiandika. Nimeifungua mara mingi. Kidole inakatala. Nikimusikia nitamutukana ao nitakufa, sijui gani itatangulia.

Weye mupende, papa. Miye uniache kwanza.

Colette

*

Luberizi, tarehe 17 mwezi wa kenda 2024

Papa,

Ni miye Destin. Feruzi alinielezea vile haukusikia ku simu, njo maana naandika. Unisamehe makosa, mukono imesahau kalamu.

Shimo ilianguka kweli. Tulikuwa wengi mule chini, tulitoka wawili. Muguu yangu ya kuume ilivunjika, ikaunga mubaya, natembeaka na fimbo. Simu yenye manamba yenu yote ilibakia mule. Wale watu wa hôpital hawakujua jina yangu, na miye sikuwaambia. Nilikuwa nimekuambia nitarudia na mabati mupya. Nikasema, nitarudia kwa papa na muguu mubaya na mukono mutupu? Ngoja nipate kitu kwanza. Mwaka ikapita, ingine ikapita. Haya nayo inakomaaka sawa mutoto, papa, unailisha tu.

Kisha nikakutana na mutu wa Bukavu mu soko ya Kamanyola. Hakunitambua. Nikamuuliza habari ya Nyalukemba. Akasema kwa mwalimu Apollinaire walishamusomea kijana misa, dada yake alilia sana lakini sasa iko sawa. Nikasema basi, wameisha kulia, nisiwalize mara ya pili. Nikafika huku, nikapata kazi mu mashamba ya muchele, nikaoa Feza, tukazaa mutoto mwanamuke, Gloire.

Njo yeye alinishinda. Alianza kuuliza papa yangu iko wapi.

Siku ya uhuru, mwezi wa sita, nilipanda na Feruzi ku lori ya muchele. Nilifika mbele ya portail. Nikaona ile jicho ya bleu na kataa kanawaka. Nikasema, hii ni nyumba ya ONG sasa. Papa alikufa, wamepangisha. Nilisimama ngambo ya njia mpaka sentinelle, mulinzi wa jirani, akaanza kuniangalia, nikashuka Nyawera na fimbo yangu. Huku nikamuambia Feza nilikuta hakuna mutu. Feruzi ndiye alikatala. Alisema, "Mutu haulizwe kwa kibao, anaulizwa kwa watu," akaenda mwenyewe, na nyinyi mukamulaza mu matope.

Papa, siombe kitu. Unijulishe tu kama yaya Colette, dada yangu mukubwa, ananichukia.

Destin

*

Nyalukemba, tarehe 23 mwezi wa kenda 2024

Adélaïde, binti yangu,

Kesho nasafiri. Nyumba nitaifunga kwa code, madirisha yote, na sitaacha portail wazi. Sirène ikilia, safari hii atakuwa mwizi kweli. Lakini lile jicho la portail litoeni. Nimeambiwa lilifukuza mutu bila kutoa sauti. Alarme ibaki, jicho liondoke.

Feruzi anasema kanzu uliyomunulia ni nzuri kuliko ile iliyochafuka.

Apollinaire

*

Luberizi, tarehe 29 mwezi wa kenda 2024

Maman Colette,

Nilishuka escarpement ya Ngomo, ule muteremko mukali, nikiwa nimefumba macho, si kwa usingizi. Chini kuna joto la kupika yai. Nilivua koti Kamanyola, na tricot ya baridi Luvungi, nikafika Luberizi na shati kama kijana.

Feruzi alinipeleka mpaka ukingoni mwa shamba. Watu walikuwa ndani ya maji, wameinama, wote mugongo kwetu. Feruzi aliita. Mimi sikusikia alivyoita, lakini niliona mutu mumoja akiinamisha kichwa kwanza kabla ya kugeuka.

Hakukimbia, hawezi. Alikuja na fimbo yake, inazama kwenye tope, anaing'oa, inazama. Nikaona atachelewa. Nikaingia mwenyewe na viatu vyangu vya misa.

Sitakuandikia zaidi ya hapo. Alikuwa na matope, na mimi nikawa na matope.

Jioni alinisemesha kwa kelele sikioni mpaka Feza akacheka. Gloire alipanda kwenye magoti yangu, akachungulia ndani ya sikio langu aone kitu gani kimeziba. Nilimuuliza Destin, "Utarudi nyumbani?" Akaangalia muchele wake. Akasema, "Papa, huku ndiko nilifundishwa kutembea mara ya pili. Nitakuya kukuona. Kukaa, sijui." Nilikuwa nimemutandikia kitanda miaka yote hii, na kumbe ana kitanda chake. Nimekubali, ila kukubali kwenyewe kunauma. Nitarudi Bukavu wiki ijayo, na chumba cha nyuma kitabaki kama kilivyo. Zamani nilikosa mutu nisiyejua amelala wapi. Sasa nitamukosa nikijua, na jioni nikisimama upande wa Ruzizi nitajua nielekeze macho wapi.

Barua aliyoniandikia nakutumia ukurasa wa kwanza. Wa pili umelowa.

Colette, kila jioni anachukua simu ya Feza, anaipangusa kwenye shati, anaiweka juu ya meza katikati yetu. Haulizi. Namuambia uko kazini, ao mutoto anasumbua. Ananiitikia kwa kichwa. Yeye pia amejua kudanganywa na papa yake na kunyamaza.

Apollinaire

*

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa kumi 2024

Destin, mudogo wangu,

Papa anasema ukurasa wa pili wa barua yako ulilowa. Muongo yule. Kuna kitu mule juu yangu na hakutaka nione. Utaniambia weye mwenyewe, tukikaa uso kwa uso.

Sijamaliza kukasirika. Nakuambia mapema, juu usifikiri barua hii ni msamaha. Ni barua tu. Niliuza pagne za mama, ile ya ndege na ile ya majani. Utajua vile utanilipa: ukae muzima.

Uko na mupwa nyumbani kwangu, anaitwa Carmel, analala mukono chini ya shavu sawa weye. Noeli tunapanda ndege naye mpaka Bukavu, na kutoka pale tutashuka mpaka huko kwenu. Ambia Feza miye nakulaka sana.

Lakini Noeli iko mbali. Jumapili nyuma ya misa nitapiga simu. Nitapiga kweli. Kama unapokea na hausikie mutu anasema, usikate, Destin. Ni miye. Nitakuwa nalia kwanza. Ungoje.

Yaya yako,
Colette